Gango la kifundo cha mkono la Kariakoo: zuri, ila nyoosha bati kwanza

Gango la kitambaa linalouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo linasaidia ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, mradi ulirekebishe. Bati lililo ndani yake, upande wa kiganja, mara nyingi huja limepinda, kifundo kinakunjika kwa nyuma na neva inayopita hapo inazidi kubanwa. Lichomoe, linyooshe mezani mpaka kiganja na mkono vilingane, lirudishe. Vaa usiku. Velkro iache nafasi ya kidole kimoja. Ukikaza mno ganzi inarudi palepale. Kwa joto la Dar linanuka upesi: toa bati ndipo ufue, lisishike kutu. Mlinzi mwenye bastola asifyatue akiwa amelivaa, linaharibu mshiko. Mazoezini atafute bastola nzito ya risasi ndogo za .22, teke lake (inavyorudi nyuma ikifyatuliwa) ni dogo.