Safari ya mashua kwenda Takwa, na suruali ya kijivu

Mimi ni fundi cherehani, na kitu cha kwanza nilichokiangalia kwenye mashua ile ya Lamu, iliyotupeleka magofu ya Takwa, ni mshono wa tanga. Kitambaa ni marekani nene, limezeeka hadi limekuwa rangi ya chai ya maziwa, lina viraka vinne. Kila kiraka kimekunjwa ukingo kikashonwa kwa mkono safu mbili, uzi umekazwa sawasawa, nguo haikuvutika hata mahali pamoja. Nikamwambia mume wangu, "Tupande hii." Yeye alikuwa bado anapatana bei na kijana wa mashua nyingine, yenye mashine na spika kubwa ya muziki.

Ndoa yetu ina miezi mitatu. Ililetwa na wazee: posa ikaja, ikajibiwa, tukaozwa. Fungate yetu ilipita nyumba imejaa wageni, na siku ya nane kazi yake ya umeme ikampeleka Voi. Tangu hapo tukawa tunapigiana simu kila usiku kuulizana umekula nini. Ni mtu mpole, ananitumia pesa za matumizi kabla sijaomba, lakini mazungumzo yetu yalikuwa hayafiki mbali zaidi ya wali na mchuzi. Basi Januari alipopata likizo ya siku nne tukapanda basi la alfajiri, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti ya kuvuka. Mimi ni wa Shela ya Malindi na nilikuwa sijaiona Shela ya Lamu maishani mwangu.

Bei kwanza, maana ndiyo kila msafiri huulizia. Tulilipa shilingi 7,000 kwa mashua nzima, sisi wawili, kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama, chakula kikiwemo. Kiingilio cha Takwa tulijilipia wenyewe. Patana pale pale jetini kabla mguu haujaingia ndani, na uliza waziwazi kama samaki yumo kwenye bei hiyo.

Sisi tulitaka kwenda asubuhi. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, akakataa. "Kesho ni mwezi kumi na nne, mwanangu. Bamvua. Asubuhi mai yatapwa, mutakwama kwenye mikoko na inzi. Ndooni saa nane." Bamvua ndiyo siku maji yanapojaa na kupwa sana, na "ndooni" kwa Kiamu ni njooni. Takwa iko kisiwa cha Manda, na njia ya kuingilia ni mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, maji yakitoka panabaki tope. Angeweza kuchukua pesa zetu asubuhi akatuacha tumekaa kwenye tope hilo muda wa saa tatu. Hakufanya hivyo, na kwangu hilo peke yake linatosha kumpa sifa.

Kwenda kulikuwa kubisha mtindo mmoja, yaani kupanda upepo kwa kugeuka upande huu na huu, kwa sababu kaskazi ilikuwa inatupiga usoni. Kila tukigeuka msaidizi wake, kijana wa miaka kama ishirini, alilihamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa pili na kuniomba radhi, "Dada, inama kidogo." Nililoa hadi magotini. Tulipoingia mikokoni wakateremsha tanga, kijana akashika pondo, mti mrefu wa kusukumia mashua, na pakawa kimya. Hakuna mashine, hakuna redio. Unasikia pondo linavyochomoka topeni, na kaa wanavyotatarika kwenye mizizi.

Takwa sitaieleza sana. Ni mji uliokaliwa karne ya 16 na 17 kisha ukahamwa, na watu wa Shela wanajihesabu kuwa asili yao ni huko. Wazee wao wamekuwa wakirudi kwenye kaburi la huko lenye mnara kuomba mvua. Msikiti bado umesimama kuta zake, mibuyu ni mikubwa ajabu. Nahodha hakujifanya mwongozaji. Alitwambia tu saa kumi na moja tuwe tumesharudi, maji hayangoji mtu, akabaki na jiko lake.

Chakula: changu wawili wa kuchoma, wali wa nazi, kachumbari ya embe bichi, na maji ya ukwaju kwenye chupa iliyozungushiwa barafu. Wanachomea ndani ya mashua, kwenye sanduku la mchanga. Samaki alipakwa ndimu, pilipili na thomu, basi, akaiva hadi mifupani bila kukauka. Wali ulikuwa umepoa na chumvi ilizidi kidogo. Ule ukwaju ningeweza kunywa ndoo nzima.

Kabla hatujang'oa nanga mzee akanipa kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kikuba. Asumini, rehani na mkadi, vimefungwa na mkono unaojua kazi. "Mke wangu kasikia kuna bi arusi," akasema, akageuka kushughulika na kamba zake. Haikuwa kwenye bei. Nilikipachika kifuani ndani ya buibui na harufu yake nilirudi nayo hadi Malindi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wakati wa kurudi upepo unakujia ubavuni, kwa nyuma kidogo, na tanga linajaa. Ukikaa mbele ya mlingoti, tanga linakukata kabisa na waliokaa shetri, yaani nyuma. Wao hawakuoni, wewe huwaoni, na mzee huyu anajua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuhamie mbele, kisha akaanza kuzungumza na kijana wake kwa sauti ya juu ili tujue hawasikilizi. Sisi watu wa pwani, mke na mume hatuna mahali pa kukaa peke yetu nje ya chumba chetu. Ufukweni kuna macho, barazani kuna macho. Pale palikuwa na pazia la marekani, jua linashuka upande wa Lamu, na nyuma yetu mwezi unachomoza juu ya mikoko ya Manda.

Mume wangu akaniuliza, "Unaikumbuka suruali ya kijivu?"

Namna gani nisiikumbuke! Mwaka jana kuna mteja aliniletea suruali ya kijivu niikate inchi moja. Baada ya wiki mbili akairudisha, inchi moja tena. Mara ya tatu ikawa imefika juu ya vifundo, nami nikasema moyoni mwangu, mashallah, kijana huyu anazidi kushika sunna kila mwezi. Sikumtazama uso, nilitazama vipimo. Posa ilipokuja niliambiwa jina, na jina halikunionyesha suruali.

"Ilikuwa inanitosha tangu mwanzo," akasema. "Nilikosa nguo nyingine ya kuleta."

Nilicheka hadi kijana wa pondo akauliza kama tuko salama. Tukaongea kuanzia hapo mpaka taa za mjini, na tukaendelea barazani kwenye nyumba tuliyofikia hadi karibu na alfajiri. Sikumbuki tuliulizana tumekula nini.

Kasoro zipo na nitazitaja. Majaketi ya kuokolea yalikuwa chini ya mbao, ikabidi niyaombe. Yatolewe mapema, hasa kwa wenye watoto. Hakuna kivuli, kwa hiyo chukua mtandio mpana au kofia. Na mito ya kukalia ina vifuniko vya pamba, imekunywa maji ya chumvi miaka mingi na haikauki. Nguo yangu ililoa kwa nyuma na nilitembea Lamu mjini nimejifunika kwa leso mbili.

Hilo la mito nilimweleza mzee mwenyewe tulipofika jetini, naye akasema ni kweli, mke wake amechoka kuifua. Nikaomba vipimo. Nimeshona vifuniko sita vya turubai ya kijani, vina zipu upande mmoja, nikavipeleka Mokowe kwa basi Jumatatu. Cha sita turubai haikutosha, nikamwuliza mume wangu kwa simu atafanya nini na ile suruali, maana haivaliki tena. Kwa hiyo ukipanda mashua hiyo na ukakuta mto mmoja una upande wa kijivu, kaa juu yake. Umeshonwa safu mbili.