Seti ya Sayanotaipu: Nunua Dawa, Achana na Karatasi Yake

Karibuni watazamaji. Leo mezani nina seti ya kusafisha picha za buluu kwa jua, njia inayoitwa sayanotaipu. Huhitaji kamera wala chumba cha giza. Ndani ya boksi kuna chupa mbili za unga, brashi ya sponji na karatasi chache.

Chupa ya kwanza ni feriki amonia sitreti, ya pili potasiamu ferisianaidi. Tia maji, tikisa, acha mpaka kesho. Dawa ni hizihizi alizotumia mwanasayansi John Herschel kule Uingereza mwaka 1842! Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa hukohuko, akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani: aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaianika juani. Mama yule namheshimu sana, maana kila nakala ilisafishwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Sasa tazameni hili jani la mwarobaini. Nimechanganya dawa sawa kwa sawa, nikapaka ndani pazia likiwa limefungwa, nikaacha ikauke. Juani, jua la saa sita, dakika kumi hivi, rangi ikatoka kijani-njano ikawa kijivu. Halafu maji matupu. Palipofunikwa na jani dawa imeoshwa yote, palipopigwa na jua buluu imebaki, kwa sababu haiyeyuki majini. Oneni meno ya jani yalivyotoka! Kwa upande wa dawa, seti hii sina neno.

Karatasi yake ndiyo tatizo. Ni nyembamba, ikilowa inajikunja na kuchanika. Nunueni karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba. Msikimbilie ile ya fotokopi, nyingi huwa na chokaa ndani, na buluu hii haipatani na chokaa, magadi wala sabuni ya unga. Inafifia mbele ya macho yako. Ikipauka kwa kukaa kwenye mwanga, hiyo ni habari nyingine: ifungie kabatini siku kadhaa, rangi hurudi.

Vaeni glavu. Na ile chupa ya pili isikutane kabisa na asidi kali, kama maji ya betri, inaweza kutoa hewa ya sumu. Changanya kiasi cha kutumia siku hiyo tu, kinachobaki usikirudishe kwenye chupa.