Tahadhari kwa kamati za harusi Tanga: shampeni ya bandia inauzwa kwa katoni

Ndugu zangu wa kamati za harusi, wenye kumbi na wamiliki wa hoteli za Tanga, Muheza na Pangani, naandika tahadhari hii ili yaliyotupata sisi yasiwapate ninyi. Kuna mtu anayezunguka hapa mjini akiuza katoni za kinywaji anachokiita shampeni halisi ya Ufaransa kwa Sh 55,000 chupa moja, na kilichomo ndani ya chupa hizo si shampeni wala hakikutoka Ufaransa. Simtaji kwa jina. Nitaeleza alivyotuuzia, na hasa namna ambavyo chupa yenyewe ingetuambia ukweli kama tungejua kuisoma.

Katika harusi ya binti wa kaka yangu mkubwa, mimi nikiwa baba yake mdogo, nilikabidhiwa jukumu la vinywaji. Kama ilivyo desturi, ratiba ilikuwa na kipengele cha maharusi kufungua shampeni, na familia ilitaka kila meza ipate chupa yake. Mtu huyo alitupigia simu mwenyewe, akasema ana mzigo ulioshushwa bandarini na kwamba unamalizika. Alikuja nyumbani Chumbageni na chupa moja ya baridi, akaifungua mbele yetu, akatumiminia. Ilikuwa nzuri kweli, na ninaamini mpaka leo kwamba chupa ile ilikuwa halisi; hiyo ndiyo iliyotupumbaza. Tukamlipa kwa simu Sh 1,980,000 kwa chupa 36. Katoni sita zilifika usiku wa kuamkia harusi zikiwa zimefungwa kwa gundi, nasi tukaziweka stoo bila kuzifungua. Risiti alisema ataileta kesho yake.

Ukumbini, chupa ya kwanza ilitoa povu jingi lililomwagika na kuisha papo hapo, kinywaji kikabaki kimepoa kama soda iliyoachwa wazi. Kilikuwa kitamu kama sharubati, ingawa lebo ilisema Brut, yaani divai kavu, yenye sukari kidogo. Kizibo kilikuwa cha plastiki. Mgeni mmoja aliyefanya kazi ya hoteli Zanzibar kwa miaka mingi aliniita pembeni, akaikwangua lebo ya mbele kwa ukucha, ikabanduka. Chini yake ilikuwapo lebo nyingine, yenye maneno ya Kihispania: vino espumoso gasificado, semi seco, producto de España. Maana yake ni divai ya Hispania yenye mapovu ya gesi iliyoongezwa, tena yenye utamu wa kutosha. Kiwanda kilichotengeneza divai ile hakikumdanganya mtu, maana kiliandika wazi kilichomo. Udanganyifu uliongezwa baadaye, kwa karatasi na gundi.

Sisi wenyewe tulimrahisishia kazi, kwa kuwa hapa kwetu tumezoea kuita shampeni kila chupa inayorusha kizibo, hata ile ya maji ya matunda yasiyo na kilevi. Jina hilo ni la mahali. Champagne ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, yapata kilomita 150 kutoka Paris, penye miji ya Reims na Épernay, na sheria ya mwaka 1927 ilichora mipaka ya mashamba yanayoruhusiwa kulitumia. Sisi watu wa Tanga tunalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani: mtu akijaza gunia kwa machungwa ya kwingine akayauza kwa jina la Muheza, kila mama wa sokoni atamwambia kwamba anaiba. Mizabibu ya Champagne huota juu ya udongo wa chaki, katika baridi ambayo wastani wake wa mwaka ni takriban nyuzi 11 tu za Selsiasi, na kwa sababu hiyo zabibu zake hukomaa zikiwa bado na uchachu mkali. Uchachu huo, ambao ungeharibu divai ya kawaida, ndio uti wa mgongo wa divai ya mapovu. Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka chini ya jua kali, hutoa divai ya tabia nyingine kabisa, nayo huuzwa kwa jina lake bila kuona haya.

Nimejifunza pia, kwa gharama kubwa, kwa nini bei ile haikuwezekana. Sheria za Champagne zinataka zabibu zichumwe kwa mkono, na kilo 4,000 zikikamuliwa hazitakiwi kutoa zaidi ya lita 2,550 za maji yanayoruhusiwa kuwa shampeni. Zabibu zinazotumika kwa wingi ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Maji hayo huchacha mara ya kwanza kama divai yoyote, gesi yake ikipotelea hewani. Kisha divai hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari ya takriban gramu 24 kwa lita, na chupa hufungwa. Hamira hula sukari, na gesi inayozaliwa, kwa kukosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya divai mpaka msukumo unafika takriban atmosfia 6, yaani karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana chupa yake ni nene na nzito, na kizibo chake hufungwa kwa waya. Hamira ikishamaliza kazi hufa na kubaki kama mashapo, na divai hulazwa juu ya mashapo hayo katika maghala ya chini ya ardhi, ikivuta humo ile harufu ya mkate uliotoka tanuri ambayo tuliisikia kwenye chupa ya kuonja na hatukuisikia tena ukumbini. Shampeni isiyo ya mwaka maalumu hairuhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 15 tangu kutiwa chupani, na 12 kati ya hiyo lazima iwe juu ya mashapo. Ile inayotaja mwaka wa mavuno hungoja miaka mitatu.

Baada ya hapo chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yashuke shingoni, shingo hugandishwa kwa baridi kali, kizibo cha muda hufunguliwa, na msukumo hulitema lile bonge la barafu lenye uchafu. Nafasi iliyobaki hujazwa divai yenye sukari kiasi, kisha kizibo cha kudumu hutiwa. Divai ya kupulizwa gesi haipiti hata hatua moja kati ya hizo za chupani: gesi huingizwa kama inavyoingizwa kwenye soda. Mapovu yake huwa makubwa na hutoka kwa haraka, wala hayadumu kwenye glasi.

Kiasi cha sukari ya mwisho ndicho kinachoamua neno litakaloandikwa kwenye lebo. Brut ni chini ya gramu 12 kwa lita, ambayo kwa chupa nzima ya mililita 750 haizidi vijiko viwili vya chai na robo. Demi-sec, sawa na lile semi seco tulilolikuta chini ya lebo, ni gramu 32 hadi 50, na kiwango chake cha juu kinazidi kidogo vijiko tisa kwa chupa. Chupa inayojiita Brut na kuwa tamu kama sharubati imejishitaki yenyewe. Mnunuzi aangalie pia neno Extra Dry, kwa kuwa wengi hudhani ni kavu zaidi ya Brut, ilhali lina sukari zaidi, gramu 12 hadi 17.

Lebo ya bandia ilidai mavuno ya 2024. Kwa sheria ya miaka mitatu niliyoieleza, ambayo huhesabiwa tangu divai itiwe chupani, na hilo haliruhusiwi kabla ya Januari inayofuata mavuno, shampeni ya mavuno hayo haiwezi kuwa dukani kabla ya 2028. Hilo peke yake lingetosha kumfukuza muuzaji mlangoni. Lebo halisi huwa pia na herufi ndogo mbili, mara nyingi NM au RM, zikifuatiwa na namba ya usajili inayotolewa na Comité Champagne, chombo kilichoundwa mwaka 1941. NM ni kampuni ya shampeni inayonunua zabibu, RM ni mkulima anayetengeneza ya shamba lake. Yetu haikuwa na herufi wala namba. Kizibo halisi ni cha gome la mti, na neno Champagne limechapwa kwenye sehemu inayoingia shingoni. Tena hapa nchini divai hutakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika mwaka 2019, nayo huweza kuhakikiwa kwa simu. Katika chupa zetu 36, hakuna hata moja iliyokuwa nayo.

Sisemi kwamba kila harusi lazima iwe na shampeni. Kuna divai za mapovu za heshima zinazojitaja kwa majina yao, nazo ni nafuu zaidi. Crémant hutengenezwa Ufaransa nje ya Champagne kwa njia ileile ya kuchacha chupani. Cava ya Hispania hufuata njia hiyo pia, na hulazwa si chini ya miezi tisa. Prosecco ya kaskazini-mashariki mwa Italia, ya zabibu ya Glera, kwa kawaida huchacha mara ya pili ndani ya tangi kubwa la chuma, ndiyo maana huwa nyepesi na yenye harufu ya matunda. Kwa majirani zetu wa Afrika Kusini kuna Cap Classique, ambayo kampuni ya divai ya Simonsig ya Stellenbosch iliianzisha kwa chupa za mwaka 1971, nayo huchacha chupani. Ningekuwa na fedha zile tena, ningenunua Cap Classique kwa lebo yake, kwenye duka lenye leseni, na kuwaambia wageni ni nini wanachokunywa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kamati ifungue katoni zote mbele ya muuzaji, ichague chupa yenyewe ya kuonja badala ya kuletewa, ipitishe ukucha kwenye ukingo wa lebo, na idai risiti ya EFD palepale. Asiyetaka kutoa risiti aondoke na mzigo wake. Wenye kumbi na hoteli nawaomba mchane lebo za chupa halisi zilizokwisha kabla ya kuzitupa, zisije zikajazwa tena.

Namba aliyotumia kwetu haipatikani tena, lakini wiki hii kamati nyingine ya Ngamiani imepigiwa kwa namba tofauti na kuambiwa hadithi ileile ya meli na mzigo unaomalizika. Chupa tisa ambazo hazikufunguliwa ninazo, pamoja na lebo zilizobanduliwa na ujumbe wa malipo, na tumeziorodhesha katika malalamiko yanayokwenda Tume ya Ushindani na TRA. Aliyeuziwa katoni kama hizo asizimwage wala asizitupe. Apige picha lebo ya mbele, ya nyuma na kizibo, ahifadhi ujumbe wa malipo, na apeleke malalamiko yake katika ofisi hizo mapema, kabla ya msimu wa harusi za Desemba haujaanza.