Simu za bei nafuu za kujaribia programu: anza kununua ile dhaifu

Anayetengeneza programu kwa Flutter au React Native (zana za kuandika programu moja kwa ajili ya Android na iPhone) kwa kawaida ana vitu viwili: simu yake nzuri ya mfukoni na emuleta, yaani simu ya kuigiza, kwenye kompyuta. Humo kila kitu huenda sawa. Matatizo huanza programu inapotua kwenye simu ya mteja yenye RAM ya GB 2. Emuleta hutumia prosesa na kumbukumbu ya kompyuta yako, kwa hiyo kasi unayoiona hapo haikuambii chochote kuhusu simu halisi. Flutter wenyewe wameizuia hali ya profile (ya kupima kasi) isifanye kazi kwenye emuleta kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwenye bajeti ndogo ni huu: pesa ya kwanza iende kwenye simu dhaifu kabisa ambayo wateja wako bado wanaitumia, ya pili iende kwenye iPhone ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini, na ya tatu, kama imebaki, kwenye Android ya kati. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na simu ya gharama ambayo haitawaonyesha kosa hata moja.

Simu ya GB 2: Redmi A2 au Galaxy A03 Core

Hizi ndizo tunazozipendekeza zaidi. Redmi A2 ya mwaka 2023 ina prosesa ya Helio G36, skrini ya inchi 6.52 yenye pikseli 720 kwa 1600, na Android ya toleo la Go, lililo jepesi kwa simu dhaifu. Galaxy A03 Core ni ya mwishoni mwa 2021, ina Unisoc SC9863A na RAM ya GB 2. Zote mbili hutumia kebo ya micro-USB na hazina kisoma alama za vidole. Kwa matumizi ya kila siku ni simu za kuvumilia tu. Kwa kujaribia programu ni hazina.

Kitu cha kwanza zitakachokuonyesha ni programu kuuawa kimyakimya ikiwa nyuma. Chukua mfano wa fomu ya kusajili mteja. Mtumiaji amejaza jina, namba ya simu na mtaa, kisha anabonyeza kitufe cha kupiga picha ya kitambulisho. Kamera inafunguka. Kamera ni mlafi wa RAM, na kwenye GB 2 mfumo unaamua kuiua programu yako ili kamera ipate nafasi. Mtumiaji anapiga picha, anakubali, na programu inaanza upya: fomu tupu, picha haipo. Kwenye simu ya GB 8 hutaliona hilo hata ukijaribu mwezi mzima.

Kwenye Flutter, anayetumia `image_picker` (kifurushi cha kuchukua picha) anapaswa kuita `retrieveLostData()` programu inapoanza, maana picha ile ipo, ila imekosa wa kuipokea. Maandishi ya fomu nayo yahifadhiwe kwenye simu kabla ya kufungua kamera. React Native ni vilevile: kilichomo kwenye kumbukumbu ya JavaScript kinapotea chote, kwa hiyo rasimu iandikwe kwenye hifadhi ya simu kwa AsyncStorage au MMKV. Ukitaka kulilazimisha kosa litokee, fungua kamera kutoka ndani ya programu, kisha kwenye kompyuta andika `adb shell am kill` (adb ni zana ya kuiamuru simu ya Android kwa kebo) ikifuatiwa na jina la kifurushi chako, halafu piga picha na urudi. Rudia zoezi hilo kwenye ukurasa wa malipo pia. Mteja akishaingiza PIN ya M-Pesa, mara nyingi hutoka kwenda kusoma ujumbe wa uthibitisho, na akirudi anatakiwa aikute oda yake ilipokuwa.

Kitu cha pili ni biti 32. Simu nyingi za daraja hili zina prosesa ya biti 64 lakini mfumo uliowekwa ndani ni wa biti 32. Hakikisha kwa `adb shell getprop ro.product.cpu.abilist`. Jibu likiwa `armeabi-v7a,armeabi` tu, umepata simu unayoihitaji. Watu hupunguza ukubwa wa APK (faili la kusakinisha programu) kwa kubakiza `arm64-v8a`, yaani biti 64, pekee, kisha wanashangaa wateja wakisema programu haionekani Play Store. Kwenye simu yako ya majaribio kosa hilo litajitokeza kama `INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS`. Dawa yake ni kupakia Play Store faili la AAB lenye aina zote mbili, au kutumia `flutter build apk --split-per-abi` kama unagawa APK mwenyewe.

Jambo la kuzingatia: usipime kasi kwa hali ya debug (ya kutafutia makosa). Kwenye simu hizi debug ya Flutter huburuta miguu hata kama msimbo wako ni safi. Tumia `flutter run --profile`, na kwa React Native `npx react-native run-android --mode=release`. Soma pia mstari wa logi unaosema Impeller (injini ya Flutter ya kuchora skrini) inatumia njia ipi ya kuchora, Vulkan au OpenGLES. Simu dhaifu nyingi huangukia OpenGLES, na uhuishaji uliokuwa laini kwenye simu yako kubwa unaweza kukatikakatika hapo.

Tecno Pop 8: ndiyo picha halisi ya soko

Ukiweza kuongeza kidogo, Tecno Pop 8 ni chaguo zuri kuliko bei yake. Ina Unisoc T606, USB-C, kisoma alama za vidole ubavuni na skrini ya 90Hz. Hiyo 90Hz ina maana kwako: kila fremu ina milisekunde 11 tu za kuchorwa badala ya 16.7 za skrini ya 60Hz. Orodha ndefu inayoteleza vizuri kwenye 60Hz inaweza kuanza kugugumia hapa. Jaribu zote mbili kwa kubadili kwenye mipangilio ya skrini.

Sababu kubwa ya kuinunua, hata hivyo, ni HiOS, mfumo wa Tecno uliojengwa juu ya Android. Wateja wengi wa Afrika Mashariki wako kwenye Tecno, Infinix na itel, na mifumo ya simu hizo hubana programu zilizo nyuma kuliko Android ya kawaida. Arifa zinazofika vizuri kwenye emuleta hapa zinaweza zisifike. Jaribu hivi: fungua programu, ifagie kwenye orodha ya programu za karibuni, tuma arifa kupitia Firebase (huduma ya Google), kisha andika `adb shell "dumpsys package com.mfano.duka | grep stopped"`. Ukiona `stopped=true`, arifa haitaingia mpaka mtumiaji aifungue programu mwenyewe. Hilo huwezi kulitatua kwa msimbo. Unachoweza ni kumwelekeza mtumiaji aruhusu programu ijiwashe yenyewe kwenye Phone Master (programu ya usimamizi iliyomo kwenye simu), na kwa mambo ya lazima kama risiti, kutuma SMS pia.

Angalizo kwa mnunuzi: maboksi na wauzaji hujumlisha RAM halisi na ile inayokopwa kwenye hifadhi, ukasikia "GB 8" kwa simu ya GB 4. Fungua `adb shell cat /proc/meminfo` na usome MemTotal. Ile ya GB 4 haitafika kB milioni 4 na laki mbili, hata muuzaji aseme nini.

Galaxy A05 na Redmi 12C

A05 ni simu imara kwa kazi ya kila siku ya msanidi, Helio G85 na skrini ya inchi 6.7, lakini haina kisoma alama za vidole. Kama programu yako ni ya fedha na inafunguliwa kwa kidole, iache, uchukue A05s. Usidanganyike na kufungua kwa uso: kwenye simu za bei hii utambuzi huo ni wa kiwango cha chini, na Android haiuruhusu utumike ndani ya programu. Kwenye Samsung zenye One UI 6 na kuendelea, kama utatuzi wa USB (swichi inayoruhusu kompyuta kuiamuru simu) umefifia na haubonyezeki, zima kwanza kinga iitwayo Auto Blocker.

Redmi 12C, yenye MIUI (mfumo wa Xiaomi), ina usumbufu wake. Kila ukijaribu kusakinisha kwa kebo unapata `INSTALL_FAILED_USER_RESTRICTED`. Lazima uwashe swichi ya kusakinisha kwa USB kwenye chaguo za wasanidi, na MIUI inadai uwe na akaunti ya Mi, laini ya simu ndani na intaneti. Ukiendesha majaribio yanayobonyeza skrini yenyewe, kuna swichi ya pili ya usalama wa utatuzi wa USB. Baada ya hapo inafanya kazi bila shida.

iPhone: nunua miaka ya iOS, usinunue ukubwa wa skrini

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Dukani utaonyeshwa iPhone XR kwa sababu inavutia: skrini kubwa, Face ID. Lakini XR imeishia iOS 18. iPhone SE ya 2020, ndogo na yenye sura ya zamani, ina prosesa ya A13 na inapokea iOS 26. iPhone 8 inafanana nayo kwa nje kama pacha, ila imekwama iOS 16. Kwa hiyo ingia Mipangilio usome jina la modeli kabla ya kutoa hela.

SE ina faida nyingine: upana wa pointi 375 na urefu wa 667. Kibodi ikipanda inafunika karibu nusu ya skrini, na milia ya njano na nyeusi ya Flutter, dalili ya kitu kilichozidi nafasi, inajitokeza kila mahali ulipobana fomu. Inachokosa ni ukingo wa juu wenye kamera na Face ID. Ukingo unaweza kuukagua kwenye simuleta (iPhone ya kuigiza) ya Xcode, zana ya Apple, maana kwa mpangilio wa skrini simuleta inaaminika. Face ID ni hatari zaidi: ukisahau `NSFaceIDUsageDescription` (maelezo ya kwa nini unatumia Face ID) kwenye faili la Info.plist, programu inajifunga papo hapo kwenye simu yenye Face ID, ilhali kwenye SE yako itaendelea kupeta. Mwenye uwezo achukue iPhone 11, ambayo inamaliza hoja hiyo na bado inapokea iOS 26.

Usisahau gharama zilizo pembeni. Unahitaji Mac ili kujenga programu ya iOS. Akaunti ya bure ya Apple inakupa siku 7 tu kabla programu haijagoma kufunguka, na arifa zinazotumwa kutoka kwenye seva hazijaribiki. Akaunti ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka. Google Play ni dola 25 mara moja tu.

Kabla ya kutoa hela

Iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, nenda na kompyuta na kebo yako mwenyewe inayopitisha data, maana kebo nyingi za mtaani ni za kuchaji tu. Piga `*#06#` upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tanzania itume kwa SMS kwenda 15090, Kenya kwenda 1555. Mwambie muuzaji aifute simu mbele yako na aiwashe upya. Ikidai akaunti ya Google au Apple ya mtu mwingine, irudishe. Bonyeza nambari ya muundo (Build number) mara saba ili chaguo za wasanidi zitokee, washa utatuzi wa USB, andika `adb devices`. Simu iliyonunuliwa kwa mkopo ambao haujaisha huwa na programu ya kampuni inayozuia chaguo za wasanidi, na hiyo haikufai hata ikiwa nusu bei. Mwisho washa alama ya mahali pa kidole kwenye chaguo hizohizo na uburute kidole skrini nzima: mstari ukikatika mahali, hapo kioo kimekufa.

Modeli usizoweza kununua zijaribie kwenye Firebase Test Lab, huduma ya Google ya kujaribia programu kwa mbali. Mpango wa bure unaruhusu majaribio 5 kwa siku kwenye simu halisi na 10 kwenye za kuigiza. Yatumie usiku kabla ya kutoa toleo, na simu ya GB 2 ibaki mezani mchana kutwa.