Magi ya Ngome Kongwe: kikombe kizuri, picha imegeuzwa

Nilinunua magi mbili zenye picha ya Ngome Kongwe katika duka moja la zawadi la Mji Mkongwe, Unguja, kila moja kwa shilingi 15,000, moja ikiwa ya chai yangu ya asubuhi na nyingine ya kumpelekea dada yangu anayeishi Muscat. Yangu nimeitumia kila siku kwa wiki sita.

Kama chombo cha kunywea, sina kubwa la kulalamikia. Ni ya kauri nyeupe, nzito kiasi cha kutopinduka ovyo, inachukua chai ya kutosha kusindikiza nusu boflo, na mkono wake unapitisha vidole vitatu bila ya kugusa ubavu wenye moto. Kahawa ni habari nyingine, kwani hakuna mtu wa barazani atakayekubali kuinywa katika chombo kikubwa namna hii. Kitako ndicho ambacho hakikusuguliwa vizuri, na kinakwaruza meza isiyo na kitambaa.

Uchapaji nao ni imara. Picha za namna hii hazibandikwi, bali huchapwa kwa wino maalumu juu ya karatasi, karatasi ikazungushiwa magi iliyopakwa utando, kisha mashine ikaibana kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi, mpaka wino ukawa mvuke na kupenya ndani ya utando huo. Ndiyo maana dodoki halijabandua hata chembe. Weusi wa ukungu kwenye kuta za mawe ya matumbawe unaonekana wazi, na meno yaliyo juu ya ukuta mtu anaweza kuyahesabu moja moja.

Tatizo ni kwamba picha imegeuzwa. Anayesimama katika bustani ya Forodhani na kuipa bahari mgongo huiona Ngome Kongwe kuliani mwake na jumba la Beit al Ajaib kushotoni, ilhali kwenye magi hii majengo hayo yamebadilishana nafasi, Beit al Ajaib ikawa upande wa mtaa wa Shangani. Kwa kawaida mchapaji huigeuza picha makusudi kwenye karatasi ili itokee sawa kwenye kikombe, na akisahau, hata maandishi husomeka kinyumenyume. Hapa maneno "Ngome Kongwe, Unguja" yanasomeka vizuri, kwa hiyo kosa si la mashine. Aliyepanga mchoro ndiye aliyeigeuza picha kabla ya kuongeza maandishi.

Naona haya kukiri kwamba mimi, ninayepita pale karibu kila siku, sikuligundua. Dada yangu aliifungua yake, na kabla hata ya kushukuru akanipigia simu: "Mdogo wangu, Beit al Ajaib imehamia Shangani lini?"

Jambo la kuchekesha ni kwamba kijikaratasi kilichomo kwenye boksi kimeandikwa kwa uangalifu. Kinasema kuwa ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, jambo ambalo hata baadhi ya watembezaji wageni hulichanganya na habari za Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno wenyewe. Ningependa kiongeze kwamba iliwahi kuwa jela, kwa sababu wengi wetu siku hizi tunaijua kwa usiku wa tamasha la muziki la Sauti za Busara tu.

Mwenye duka alinipokea kwa heshima. Aliilinganisha magi na picha iliyomo kwenye simu yake, akanyamaza kidogo, kisha akaahidi kunichapishia nyingine bila ya malipo, na siku ya nne nikaipata ikiwa na picha mpya ya ngome peke yake, iliyokaa sawa. Zile za zamani, hata hivyo, nilizikuta bado zimepangwa rafuni, kwa hiyo anayenunua na aangalie kwanza Beit al Ajaib iko upande gani.

Nilimwambia dada airudishe yake kwa mtu anayekuja Unguja ili nimbadilishie. Amekataa. Picha ile ilipigwa kabla ya Disemba 2020, na mnara wa saa wa Beit al Ajaib ungali umesimama humo.