Nimejaza Doctor Who kwenye flashi pale Majengo: steringi kabadilika, mimi sina habari

Kibanda chenyewe kiko Majengo, hapa hapa Dodoma, si mbali na soko. Nilipeleka flashi ya GB 32, nikaomba Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa anga na wakati, sizoni ya kwanza hadi ya tano za ule mwendelezo uliorudi hewani 2005. (Yenyewe ni ya tangu 1963, ikasimama 1989.) Shilingi 6,000 kwa zote, dakika kama arobaini za kusubiri kwenye benchi huku upepo ukitumwagia vumbi. Picha safi, sauti haikwaruzi. Hapo sina neno.

Naangalia na mpwa wangu wa darasa la sita, mtu aliyekulia kwenye sheria moja tu: steringi hafi. Huyu anakufa. Mwili unawaka mwanga, halafu anainuka mtu mwingine kabisa, ila ni yuleyule. Ujanja huo waliubuni 1966, William Hartnell, steringi wa kwanza, alipodhoofika kiafya, akaingia Patrick Troughton. Tamthilia zetu mwigizaji akiondoka tunaambiwa kasafiri, yamekwisha.

Maadui ndio hawabadiliki. Dalek walitokea Desemba 1963, na hadi leo ni lilelile pipa lenye jicho moja mbele. Mpwa wangu alicheka: "Mjomba, si wapande ngazi tu? Hilo litawafuataje?" Dakika mbili baadaye pipa likanyanyuka hewani, likapanda ngazi taratibu. Kicheko kikakata. Tangu siku hiyo kila sizoni anauliza watarudi lini, na hakika wanarudi. Kuna na Master, adui anayebadilika sura kama steringi mwenyewe, lakini yeye hakumtisha kama pipa.

Sasa malalamiko yangu. Christopher Eccleston alibadilika mbele ya macho yetu mwisho wa sizoni ya kwanza, akaja David Tennant, tukamzoea. Mwishoni mwa sizoni ya nne Dalek anampiga, anaanza kuwaka, inakatikia hapo. Usiku ule mtoto hakulala vizuri. Kesho yake Tennant kapona, sura ileile, tukapumua. Tukafungua folda ya tano: kijana mwingine, Matt Smith, yumo ndani ya suti ileile, imechanika.

"Mjomba, si umesema amepona?"

Nikadhani nilisinzia. Nikarudisha nyuma epsodi nzima. Wiki nzima tunabishana.

Kumbe kati ya sizoni ya nne na ya tano kuna epsodi maalumu tano, za kuanzia Krismasi ya 2008 hadi tarehe 1 Januari 2010, na Tennant anaagia kwenye ya mwisho. Hazina namba ya sizoni, na kijana wa kibanda anakopi folda zenye namba tu. Nilipomrudia akanijibu, "Kaka, steringi kabadilishwa, wewe endelea." Nilisimama pale mpaka akakubali kuzitafuta. Siku ya tatu akaniwekea bure, na akaomba radhi, kwa hiyo nampa nyota nne kati ya tano.

Mpwa wangu sasa anataka turuke hadi kwa Ncuti Gatwa, steringi wa sizoni za baadaye, kisa kazaliwa Rwanda, jirani zetu. Nimekataa. Ila safari hii nikienda naomba na za Krismasi zote, na nazihesabu pale pale kabla flashi haijachomolewa.