Dini ya Wana'vi kwenye Avatar: naipa ngapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Kampala. Mapigano na rangi vimeshasemwa sana tangu 2009, leo tuviache. Nakagua kitu kimoja tu ndani ya Avatar ya James Cameron: dini ya Wana'vi.

Kwa ambaye hajaiona, Wana'vi ni wale warefu wa buluu wanaoishi Pandora, mwezi wa mbali na Dunia. Wanamwamini Eywa, mama anayeunganisha kila chenye uhai. Nguvu uliyo nayo mwilini ni ya kuazima, iko siku utairudisha.

Na unaunganishwa kweli, si kwa maneno. Ncha ya shungi la Mna'vi ina nyuzi hai. Akizifunga na mnyama, wanahisi pamoja. Akizifunga na Mti wa Sauti, anawasikia wazee waliokufa. Dakta Grace, mtaalamu wa mimea, anasema mizizi ya msitu mzima inawasiliana.

Hapo nagoma kidogo. Ukishamsikia marehemu bibi yako kwa masikio yako, imani ya nini tena? Nenda Mubende, hapa hapa Uganda, kwenye mti wa Nakayima wanakoenda watu kuomba. Mizizi imesimama kama kuta, imeacha vyumba vyumba, watu wanawasha moto humo, wanaacha buni na sarafu, huyu anaomba mtoto, yule kazi. Hakuna pa kuchomeka nywele. Mtu anashuka kile kilima bila uthibitisho wowote, na kesho anapanda tena. Muumini wa Cameron hajawahi kubeba mzigo huo.

Ila kwenye uwindaji, jamani, hapo nimevua kofia. Mapema kabisa, Neytiri, binti wa Wana'vi, anaua wanyama wakali ili kumwokoa Jake, yule mwanajeshi wa zamani kutoka Duniani. Jake anamshukuru, anakemewa vikali: hili si la kushukuriwa, ni huzuni tupu. Baadaye Jake mwenyewe anapiga mnyama mshale. Anapiga magoti, anamwita ndugu, anamshukuru, roho iende kwa Eywa, mwili ubaki uwe sehemu ya watu. Kisu kinaingia upesi. Ni sekunde chache, lakini nimeielewa dini yao hapo kuliko kwenye maelezo yote ya maabara.

Kisha Neytiri anasema Eywa hachukui upande, analinda mizani ya uhai tu. Safi sana! Lakini vita ikifika, Jake akishaomba, wanyama wa msitu wanawavamia wanajeshi wa binadamu waliokuja kuivamia Pandora. Si amechukua upande huyo? Mtaniambia ndiyo mizani yenyewe. Haya, lakini mwandishi amejitoa kirahisi.

Ndiyo maana ile ya tatu, ya 2025, imenikamata. Kuna Watu wa Majivu: volkano iliteketeza kwao, Eywa hakuja, wakamkana. Wana hasira, wanaunguza makazi ya wenzao, na mimi nawaelewa. Hatimaye kuna watu waliolia wasijibiwe.

Ukienda maktaba ya filamu, omba nakala isiyo na VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa sauti yake juu ya ile ya asili. Ma-VJ wetu nawapenda, kwenye risasi hawana mpinzani, lakini pale Wana'vi wameketi mbele ya Mti wa Roho, wameshikana, wanaimba, mtu akikurushia utani juu yake, hela yako imekwenda.

Dini ya filamu ya kwanza naipa sita kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya kile kisu. Watu wa Majivu nawapa nane.